Nyaya za Plagi Ulizosema Ni Mpya

Nengo, Gisenyi

Sostene,

Gari langu limepata nyaya mpya za plagi. Safari hii ni mpya kweli. Nimezichagua mwenyewe, nimezifunga mwenyewe, na hakuna mtu aliyesimama kati yangu na injini nilipokuwa nikifanya kazi hiyo. Nakuarifu jambo hili kwanza kwa sababu ndilo lililonifanya nikuandikie. Marehemu huandikiwa habari za watoto na za mvua, nami nitakuandikia hizo, lakini sitaki uzisome ukidhani kwamba nimekuja kwa amani.

Nianze na nyumba yako, kwa kuwa ni haki yako. Mkeo, Mama Odette, ni mzima. Sasa anavuka mpaka kila asubuhi na kapu la viazi, anarudi jioni na sabuni na vitenge, na miguu yake imevimba lakini hataki kuambiwa apumzike. Odette ameingia sekondari. Amekuwa mrefu, ana paji la uso kama lako, na akisoma kwa sauti hurukaruka mistari kama ulivyofanya wewe kanisani. Paa la jiko lililokuwa likivuja limezibwa. Majirani wa Nengo bado wanakutaja: mtu akikwaruza gia, lazima mwingine aseme kwamba Sostene angelia.

Mimi naendesha peke yangu. Unajua maana yake. Usukani wa Datsun yangu uko kulia, kama magari yote ya Tanzania, na huku magari hupita upande wa kulia wa barabara. Tangu niliporudi na gari lile kutoka Karagwe sikuweza kulipita lori bila mtu wa kunitazamia njia, na mtu huyo ulikuwa wewe. Ulikaa kushoto, ukatoa kichwa dirishani, ukasema, "Ngoja, Mwalimu. Ngoja kwanza. Bon, pita." Nami nilipita bila kuona kitu, nikiwa na neno lako tu. Siku hizi sipiti. Nalifuata lori la bia kutoka Rubona mpaka mjini nikila moshi wake, na madereva wa basi dogo hunipigia honi kama mtu anayefukuza ng'ombe.

Nataka ulikumbuke jambo hilo unapoendelea kusoma. Niliweka uhai wangu juu ya ulimi wako mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sikuwahi kujiuliza.

Injini ilianza kukohoa katika mvua hizi. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri, lakini ikipanda mlima ilikatika nguvu, ikatetemeka, ikarudi. Nilijua kwamba silinda moja haichomi. Nililaumu petroli. Nikalaumu unyevu. Nikatoa plagi zote, nikazisugua, nikazirudisha. Sikuzishuku nyaya, kwa sababu nyaya ulizifunga wewe mwaka ule aliokufa dada yangu, nikawaza kwamba nyaya mpya za Sostene haziwezi kuchoka upesi hivyo. Nilipoteza wiki nzima nikikutetea mbele ya injini.

Mwishowe nikaamua kuzitoa, waya mmoja mmoja, nipeleke kielelezo Goma. Waya wa plagi hauvutwi. Unashikwa kwenye kofia yake ya mpira, unazungushwa kidogo huku na huku, kisha ndipo unaachia. Ulikuwa ukinicheka nikifanya hivyo. "We unatoa waya ao unatoa jino ya mutoto?" Nilikuwa nalikumbuka neno hilo, nami nilikuwa nikitabasamu, Sostene, nikiwa nimeinama juu ya injini peke yangu uani. Halafu nikaufungua ule utepe mweusi uliouzungushia waya kutoka mwanzo hadi mwisho, ule uliosema ni wa kuzuia joto. Nilitaka kupima urefu halisi na kusoma maandishi ya kiwandani.

Chini ya utepe palikuwa na uzi mwekundu, umefungwa fundo moja.

Nikafungua waya wa pili. Mafundo mawili. Wa tatu, matatu. Sikuufungua wa nne. Nilikwenda nikakaa ngazini.

Mafundo yale niliyafunga mimi, Karagwe, kwa uzi wa cherehani ya marehemu mke wangu, ili waya wa silinda ya kwanza usije ukachomekwa kwenye ya tatu. Sijaona mtu mwingine anayefunga nyaya za gari mafundo. Wewe mwenyewe ulipoyaona mara ya kwanza ulisema huo ni ulozi wa Watanzania. Kwa hiyo nyaya zile hazikubadilishwa kamwe. Zilikuwa zile zile nilizokuja nazo, zimevishwa utepe. Na kama gari limetembea nazo tangu mwaka ule mpaka mvua hizi, basi hazikuwa zimekufa asubuhi ile uliponiambia zimekufa.

Nitakuandikia asubuhi ile kama ilivyokuwa, kwa maana nimegundua kwamba tuliiishi watu wawili lakini aliyeijua ni mmoja.

Dada yangu Verediana alikuwa mgonjwa Kanama. Tumbo lilikuwa limevimba, hawezi kukaa, na hakuna basi dogo lililokubali kumpakia mtu aliyelala. Binti yake Domitila alinitumia neno: Mjomba, njoo na gari, tumlaze kiti cha nyuma, tumfikishe hospitali. Ulikuwa mwaka mbaya. Watu walivamiwa vilimani, na magari yaliruhusiwa kwenda kwa msafara tu, askari mbele na askari nyuma, asubuhi mara moja. Ulinisihi nisiende. Ulisema barabara haina adabu, haiulizi nani mwalimu. Nilikujibu kwamba Verediana nilimwacha msichana nilipokimbia nchi hii, nikamkuta mwanamke mwenye mvi niliporudi, na sikurudi ili nimzike kwa kusikia habari. Ulinyamaza. Nilidhani umekubali.

Kesho yake nikawasha gari. Starta ilizunguka, injini haikushika. Nikaja kukugongea. Ulitoka umeshavaa koti. Ulifungua boneti, ukainama muda mrefu, mgongo wako ukinizibia kila kitu, ukasema, "Waya zimekufa, Mwalimu. Zote. Hii gari haitoke leo." Sikuamini, nikakuomba tulisukume. Tulilisukuma mteremkoni, mimi nikishika usukani kupitia dirishani, wewe nyuma ukihema. Tulisikia msafara ukiondoka. Ukazitoa nyaya zote, ukaniambia utavuka nazo Goma kutafuta za aina ile. Ulirudi jioni na mikono mitupu. "Ya aina hii hakuna. Wameniambia wataangalia."

Siku iliyofuata Verediana alikufa. Nilifika Kanama juu ya lori la viazi, kaburi likiwa limeshafunikwa.

Na ule msafara wa asubuhi, Sostene, ulifika salama na ukarudi salama. Hakuna aliyeguswa. Sisemi kwamba ulijua. Nasema ndivyo ilivyokuwa.

Pale kaburini Domitila alisema mbele ya wanawake wote, kwa Kinyarwanda kilichonyooka, "Gari la Mjomba lina akili. Siku ya harusi linatembea, siku ya ugonjwa linakufa." Nilimjibu kwamba nyaya zilikufa. Nilimjibu kwa sauti ile ya darasani, ambayo haitaki swali la pili. Aligeuza uso. Tangu siku hiyo hajakanyaga nyumbani kwangu, na mimi nikienda Kanama ananisalimu kwa mkono tu, hanikaribishi ndani. Anaamini niliogopa, nikajificha nyuma ya gari. Nimefundisha watoto maisha yangu yote kwamba mtu ni neno lake. Wewe ulinitia uongo kinywani, nikaubeba mpaka kwenye kaburi la dada yangu, nikamwambia mwanawe.

Halafu ukaja kunizawadia zile nyaya "mpya", zimevishwa utepe tayari, umevaa shati safi. "Cadeau, Mwalimu." Wageni wa matanga walikuwa bado wapo. Nilisimama mbele yao, nikakushukuru, nikasema kwamba rafiki wa namna hii haokotwi njiani. Ulitazama sakafu. Niliona ni unyenyekevu.

Nilikwenda kwa Mama Odette na zile nyaya mkononi. Alikuwa anachambua viazi mlangoni. Hakuuliza ni za nini. Alisogeza gunia, akasema, "Mwalimu, kaa kwanza." Hapo nilijua kwamba alikuwa akinisubiri siku nyingi.

"Haikuwa waya," aliniambia. "Ilikuwa ile kitu kidogo ya ndani ya delko, ile inazunguka."

Rota. Kipande kidogo kisichozidi kidole gumba. Bila hicho umeme haufiki kwenye plagi hata moja, na injini nzima inakuwa chuma tu. Kumbe jioni ya kuamkia siku ile ulipokuja uani kwangu, ukasema unaangalia oili, ulifungua kifuniko cha delko, kile kikombe kinachogawa umeme kwa plagi, ukaichukua rota. Na mimi nilikuletea chai.

"Aliitia mu poche ya koti," alisema Mama Odette. "Ata wakati mulikuwa munasukuma gari, ilikuwa mule."

Nimelirudia neno hilo siku nyingi. Ulilisukuma gari langu. Ulitokwa na jasho. Ulisema, "Moja, mbili, haya," ukasukuma kwa bega, na kitu kilichotakiwa ili liwake kilikuwa kinagongana na funguo zako mfukoni. Ningekuelewa upesi zaidi kama ungekaa nyumbani ukajifanya mgonjwa. Kwa nini ulisukuma?

Mkeo alikutetea. Alisema ulikuwa hulali kwa kuniogopea. Alisema, "Nilimwambia, Papa Odette, mupe mutu kitu yake. Akasema, nitamupa kesho, msafara ingine ikisha kwenda na roho yake ikitulia. Kesho dada yako akafa. Sasa angesema nini?" Nilimwambia kwamba roho iliyokuwa hatarini ilikuwa yangu, na barabara niliichagua mimi, mtu mzima. Akanitazama kwa macho yale yake. "Donc unataka tumufukue umupige kofi?"

Sikucheka. Nilipokuwa njiani kurudi nilikaribia kucheka, kwa sababu hilo ni neno ambalo ungelisema wewe, na hapo hasira ikanirudia upya.

Kabla sijaondoka alinikumbusha kwamba misa yako ya mwaka imekaribia, na kwamba ukoo umenichagua mimi niseme juu yako. "Utasema nini, Mwalimu? Odette atakuwa mbele kabisa."

Nilivuka Goma. Pale kwa Mama Furaha, yule muuza vipuri uliyesema ulimwendea siku ile, niliweka waya wangu mezani. Aliucheka. "Papa, hii gari yako ni nkambo ya magari yote," yaani babu yao. Alinitolea seti ya kwanza, kofia zake zilikuwa pana, zingekaa juu ya plagi kama kofia ya baba kichwani mwa mwana. Nikakataa. Seti ya pili ilikuwa ya uzi wa shaba na kofia zilifaa, lakini nyaya zote zilikuwa na urefu mmoja. Gari langu linataka wa kwanza mrefu na wa nne mfupi. Waya ukiwa mfupi kuliko inavyotakiwa hukaa umevutika, na shimo moja la barabarani linauchomoa. Ukizidi urefu, hulala juu ya bomba la moshi ukaungua. Nilizipima moja moja na kielelezo, nikazikunja kutazama kama mpira umepasuka, nikazinusa. Mama Furaha akawaambia wateja wengine, "Mumuache. Iko anachagua muke." Nikachagua ya nne katika zile alizonitolea.

Nilimuuliza kama nyaya za aina hii huwa zinaadimika. Akashangaa. "Hizi? Hazikosake hata siku moja. Nani anazinunua?"

Nilizifunga asubuhi, jua likiwa zuri. Kanuni unaijua: usitoe zote kwa pamoja. Lakini mimi nilikuwa nimeshazitoa, basi nililaza mmoja wa zamani kando ya mpya, nikasoma mafundo yake, nikafunga mpya, ndipo nikagusa unaofuata. Kwa njia hiyo mpangilio wa silinda haukupotea, moja, tatu, nne, mbili. Kila kofia nilisukuma mpaka niisikie imeshika. Kwenye delko nilifungua kifuniko, nikaiangalia ile rota. Ilikuwa safi. Ulikuwa umeifuta kabla ya kuirudisha. Sijui kwa nini hilo liliniumiza kuliko mengine, lakini ilinibidi niweke bisibisi chini.

Gari liliwaka kwa jaribio la kwanza. Halikukohoa.

Nikaenda nalo Kanama. Barabara ni shwari siku hizi, watoto wanauza ndizi kando yake. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kama ninavyopanga somo. Domitila alikuwa anapalilia maharage. Nilisimama ukingoni mwa shamba, viatu vikiwa na matope, nikamwambia habari yote, ya jioni ile na oili, ya koti, ya utepe, ya mafundo. Maneno hayakuja kwa mpangilio niliouandaa. Yeye aliendelea kung'oa magugu mpaka nilipomaliza, na hata baada ya hapo.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo ulikuwa unakuja?"

"Nilikuwa nakuja."

Alikung'uta udongo mikononi. "Mama aliuliza mpaka mwisho kama nasikia gari," alisema. "Nilimwambia nalisikia. Nilimwambia linapanda kilima, limeshafika kwa kina Bernadeta, ni matope tu yanalichelewesha."

Sostene, mimi nimewaadhibu watoto kwa uongo mdogo kuliko huo. Nilivua kofia.

Alinipeleka ndani. Nilikula maharage na viazi kwenye kigoda cha Verediana, na Domitila alikaa mbele yangu akinitazama nikila, kama mtu anayehakikisha. Nilipoondoka alisema nije Jumapili nyingine, na nimchukue yeye na mwanawe waone ziwa.

Sasa nikuage.

Nimemwambia Mama Odette kwamba nitakuja kwenye misa. Nitakaa na ukoo wako, mahali pangu, nimevaa suti. Lakini sitasimama kusema. Katekista atasema, yeye hakukufahamu sana na atasema vizuri. Mbele ya Odette sitatamka neno baya juu yako, leo wala nitakapokuwa nimezeeka hata kusahau jina langu. Odette ana haki ya baba yake. Domitila naye alikuwa na haki ya kujua, na hiyo nimemlipa. Wengine hawadai kitu.

Yale ya asubuhi ile, huenda nitayaelewa siku moja. Mtu akimwogopea mwenzake anaweza kufanya upumbavu. Nasema huenda. Lakini baada ya hapo uliishi miezi mingi. Ulikaa nami kila jioni, ulikula kwangu, uliniona nikirudi kutoka Kanama bila kukaribishwa ndani, ukaniuliza, "Domitila bado amekasirika?" Uliniuliza hivyo, ukiwa na jibu. Ulipougua nilikaa kando ya kitanda chako, na tuliongea juu ya matairi. Jambo hilo Mama Odette hawezi kulijibu kwa niaba yako, nami simruhusu tena ajaribu.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Siku nitakapofika huko, na umri wangu unajua, usinilaki na mzaha, wala usinitafutie kiti. Nitakuuliza kwa nini hukuniambia. Nitakuuliza mara moja, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kisha nitasimama hapo mbele yako mpaka unijibu wewe mwenyewe, kwa mdomo wako.

Mpaka hapo, pumzika.

Mwalimu